Kwa Mwalimu wa Kwaya, Masaka

Tulivuka daraja la Kyaka asubuhi, ukungu wa Mto Kagera ukiwa bado haujatawanyika, na kabla ya saa nne nilikuwa Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, kwenye foleni ya uhamiaji, nimekumbatia daftari la nyimbo nililolifunga kwa kanga. Kutoka Bukoba hadi Masaka si mbali. Kilichoirefusha safari ni gari lililoharibika kabla ya Kyotera, dereva akatuacha chini ya mwembe saa mbili nzima bila hata neno la pole.

Nilikuwa nakwenda kumwona mzee aliyemfundisha marehemu mwalimu wangu wa kwaya. Nilimkuta uani kwake, upande wa Kitovu, akimenya matooke pamoja na mjukuu wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, lakini chakula nacho kimechelewa."

Kiswahili hicho alijifunza kwa wanajeshi wa Tanzania walioiteka Masaka Februari 1979, katika vita vya kumng'oa Idi Amin. Sehemu kubwa ya mji ilibomolewa, na kabati lenye nyimbo alizozinakili kwa mkono miaka mingi likateketea. Mimi ni mtu wa Kagera, ambako majeshi ya Amin yalikuwa yameua na kupora miezi michache kabla ya hapo, kwa hiyo sikujua niseme nini. Yeye hakungoja niseme. Alieleza kwamba askari waliimba jioni, naye akawasikiliza kwanza kwa hofu, kisha kwa sikio la kazi, akaziandika nyimbo zao kwa solfa, yaani kwa do, re, mi; na katika kurasa zilizofuata za daftari lilelile akaanza kuziandika upya zake, sauti moja moja, kadiri waimbaji waliosalia walivyozikumbuka. Sauti ya besi ndiyo iliyomsumbua, kwa kuwa wanaume ndio waliokuwa wametawanyika zaidi.

Hata hivyo, alichotaka tuzungumzie ni maneno. Alikuwa mvulana mwaka 1964, Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu, na muziki wa mtunzi Joseph Kyagambiddwa, wenye asili ya Kiganda, ukaimbwa Roma. Hadi siku hiyo alidhani muziki wa kanisani ni ule uliotoka Ulaya tu. Tenzi zilizotafsiriwa, alisema, mara nyingi hulazimisha sauti ishuke pale ambapo neno la Kiganda linataka kupanda, na msikilizaji hubaki akibahatisha maana. Kwa hiyo, katika miaka yote ya kufundisha shuleni na kuandaa watoto kwa mashindano ya muziki, hakumruhusu mtoto kuimba mstari asioweza kuusema. Shule moja iliwahi kumpunguzia vipindi kwa madai kwamba anafundisha lugha badala ya muziki. Nadhani mkuu wake alikuwa amesikia sawasawa, ila hakuelewa.

Jioni nilimfuata mazoezini. Walikuwa waimbaji kama ishirini hivi, kinanda hakipo. Alitoa sauti ya *do* kwa mdomo, wakaanza, na katika mstari wa pili akawasimamisha: vijana walikuwa wamelipitia haraka neno *kutta*, yaani kuua, likasikika *kuta*, kuachilia. Aliwataka waishikilie ile *t* kwanza kwa kusema, midomo ikiwa imetulia, kidole chake kikihesabu juu ya meza. Walirudia mara saba. Kisha akanigeukia, akaniomba niimbe kitu cha kwetu, nami nikafungua kanga na kuimba ubeti wenye neno *barabara*.

"Hiyo ni njia," alinikatiza, "au ni sawasawa?"

Nilikuwa nimekusudia sawasawa, lakini tuni ilikuwa imeuvuta mkazo hadi kwenye silabi ya tatu, na kwa miaka yote niliyoiongoza kwaya yangu tulikuwa tukiimba habari za njia. Mwalimu alichukua penseli, akalipindua daftari langu upande wake na kuanza kusogeza noti.