Shika Kayamba Kwanza

Nilirudi kijijini kwetu, wilayani Chamwino, mwezi wa pili, uwele ukiwa bado mbichi shambani, baada ya kuishi Ujerumani kwa miaka 11. Jumamosi ya kwanza mama mdogo alinipeleka kusali katika mojawapo ya zile Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, na ambazo kwetu ni kaya kumi na kitu zinazokutana nyumba kwa nyumba kwa zamu. Sala ilipokwisha, akina mama walitoa ngoma za muheme, ngoma za asili za wanawake wa Kigogo, wakazibana mapajani na kuanza mazoezi ya wimbo wa matoleo.

Marehemu bibi alikuwa akisimulia kwamba utotoni mwake ngoma hizo hazikuvuka kizingiti cha kanisa, hadi ulipopita Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki ulioufungulia mlango muziki wa asili katika ibada, uliomalizika mwaka 1965. Mimi nilizikuta zimekwisha kuingia, nikazichukulia kuwa pambo la ibada tu.

Siku ile nilisikiliza kwa makini zaidi. Katika muheme kila mama ana mdundo wake, na ukiusikiliza mdundo wa mmoja peke yake utadhani anakosea, kwa kuwa umejaa mapengo. Kumbe mapengo hayo ni nafasi alizomwachia mwenzake. Wawili kati ya wapigaji walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya michango ya msiba fulani, lakini walisimama bega kwa bega, maana ngoma ya mmoja ndiyo inayoijibu ya mwingine. Nisidanganye kwamba muheme uliwapatanisha, kwani mazoezi yalipokwisha kila mmoja alishika njia yake. Jumapili, hata hivyo, niliwaona kanisani wamesimama palepale.

Ughaibuni nilikuwa nikiimba kwa kufuata kitabu, nimeketi benchi la nyuma, na nilipougua wiki tatu hakuna aliyetambua kwamba sipo. Simlaumu mtu, maana hata mimi sikujua ni nani aliyekuwa akiketi mbele yangu. Huku, mama mmoja alipochelewa, wimbo wenyewe ulionyesha pengo lake, na mtoto akatumwa kwenda kumwita.

Nami niliingia mstarini. Mabega yalikumbuka, ila miguu ilichelewa. Hawakusimamisha ngoma ili kunisubiri, wala hawakuniondoa. Mama mdogo alinisukuma kidogo kwa nyonga, nikaipata hatua, kisha nikapotea tena. Mwishoni nilimwomba mwenyekiti wa jumuiya, mama mtu mzima aliyenifahamu tangu nikibebwa mgongoni, anipe nami ngoma.

"Mwanangu, bado hujatusikia," alisema. "Shika kayamba kwanza."

Habari ya ngoma itazungumzwa baada ya mavuno.