Siku moja maishani mwangu: napima msongo wa walimu

Saa 11 alfajiri napanga begi: dodoso, fomu za ridhaa, mashine ya presha, betri za akiba.

Saa 1 asubuhi nafika shuleni. "Mkaguzi huyo!" Nakana, hawaamini. Napokea vichupa vya mate. Ndiyo, mate. Kortisoli, homoni ya msongo inayopimika kwenye mate, hupanda katika nusu saa hivi baada ya mtu kuamka, kisha hushuka hadi usiku, kwa hiyo walimu wameyakusanya nyumbani kabla ya mswaki.

Saa 2 hadi 4, walimu saba. Shwari.

Mapumziko ndipo siku ilipoharibika. Mwalimu wa hisabati, sauti imemkauka, rundo la madaftari mapajani. Dodoso lina maswali 10 kuhusu mwezi uliopita, kila moja 0 hadi 4. Kazungushia 0 yote. Sasa, maswali manne yameulizwa kinyume, kwa mfano ni mara ngapi ulihisi mambo yanakwendea vizuri. Ukiyageuza, 0 ikawa 4, yeye "asiye na msongo" anapata 16 kati ya 40.

"Mwalimu, tulisome tena?"

"Hii itafika kwa mkuu?"

Namwonyesha: jina hakuna, namba tu. Ananitazama kama anavyomtazama mtoto anayedai daftari kalisahau nyumbani. Na kweli, mkuu mwenyewe akaingia kuomba fomu, "nione tu nani ana shida." Nikakataa. Mwalimu alisikia. Mkuu alipotoka, akaomba kifutio.

Presha nayo. Mtu atulie dakika tano, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, asiongee. Dakika ya pili mtoto kabisha hodi. Tukaanza upya. Dakika ya nne kengele. Tulikuja kumaliza sijui saa ngapi, baada ya vipindi vyake viwili, mimi nikiwa na njaa ya kukera. 158/96. Narudia: 156/94.

Vipimo vya siku moja havimfanyi mtu kuwa mgonjwa, lakini kwa namba hizo huwa siondoki kimyakimya. Presha ya juu hailii. Hula moyo na figo polepole. Nikamwandikia karatasi aende zahanati.

"Nitaenda likizo," akasema, tayari yuko mlangoni.

Jioni nakusanya vitu vyangu, naikuta karatasi yangu mezani. Nyuma yake amekokotoa wastani wa alama za darasa.

Nikaandika nyingine, nikaibandika kwenye daftari la mahudhurio.