Nilivyojenga kifaru changu cha kwanza: Type 59 ya vita vya Kagera

Anayeanza kujenga modeli za magari ya kijeshi huambiwa achukue seti rahisi kwanza, gari dogo lenye vipande vichache, ajifunzie hapo. Ushauri huo una maana yake, lakini mimi nauongezea jambo: chukua gari unalolijali. Kazi hii ina jioni nyingi za kusugua vipande vidogo kuliko punje ya mchele, na kinachokurudisha mezani kesho yake ni hamu ya kuliona gari lile limesimama. Mimi nilitaka kifaru cha Type 59, kwa sababu ndicho JWTZ, jeshi la Tanzania, ilichoingia nacho vitani dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Nimezaliwa Kagera baada ya vita, na majina ya Kyaka, Mutukula, Masaka na Lukaya nimeyasikia tangu utotoni, nyumbani na misibani. Kifaru chenyewe nilikuwa nimekiona kwenye picha tu.

Type 59 ni T-54A ya Kisovieti iliyotengenezwa China kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ina uzito wa tani 36 hivi, watu wanne ndani, na mzinga wa milimita 100. Seti niliyonunua ni ya kipimo cha 1:35, maana yake sentimita moja ya modeli ni sentimita 35 za kifaru halisi. Kifaru chenye upana wa mita 3.27 kinakuwa na sentimita 9 na ushee, na ukikipima pamoja na mzinga unafika karibu sentimita 26. Kinatosha kwenye rafu ya kawaida. Nilijiuliza kwa nini 35 na si namba ya mviringo, kumbe ni urithi wa kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitengeneza kifaru cha Panther chenye mota, wakakipa ukubwa wa kuweza kumeza mota na betri zake. Kipimo kikatokea hapo, wengine wakakifuata.

Seti na gundi yake maalumu niliagiza nje, nikaletewa na ndugu aliyekuwa anarudi Dar. Vingine vyote vipo mjini. Msasa wa maji namba 400 mpaka 1000 unapatikana popote wanaponunua mafundi wa kunyoosha bodi za magari. Kibano na tupa ya kucha viko kwenye maduka ya vipodozi, brashi nyembamba na rangi za akriliki kwa wauza vifaa vya uchoraji, na kisu cha wembe wa kukatika kwa wauza vifaa vya ofisini. Eabrashi, ile bomba ndogo ya kupuliza rangi kwa hewa, sikununua, na baada ya kazi hii nasema bila kusita kwamba anayeanza haihitaji.

Kabla ya kukata kitu, osha fremu zote za plastiki zinazoshikilia vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, uzianike. Zinatoka kiwandani zikiwa na mafuta kidogo ya kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kipande kikate mbali kidogo na mwili wake, halafu umalizie kijinundu kwa kisu na msasa. Ukikata karibu mno kwa pupa, plastiki inang'oka na kuacha shimo.

Gundi ya modeli haifanyi kazi kama supaglu. Ile ya majimaji inayeyusha plastiki ya pande zote mbili, zikikauka zinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo shika vipande viwili vikiwa vimekutana, gusa mpakani kwa ncha ya brashi, na gundi itajivuta yenyewe ndani ya ufa. Tone moja linatosha. Fungua dirisha, maana harufu yake ni kali na si nzuri kwa mapafu.

Sehemu iliyonifundisha subira ni mtutu wa mzinga. Ulikuja kwa nusu mbili, na zikiungana zinaacha mshono urefu wote. Mzinga halisi ni chuma kimoja kilichochongwa mviringo, hivyo mshono ukibaki jicho linaliona hilo kabla ya kuona kingine chochote. Niliziunganisha, nikazibana mpaka kijasho kidogo cha plastiki iliyoyeyuka kikatokeza mpakani, nikaacha usiku kucha. Kesho yake nikasugua kwa msasa namba 400 uliolowana, nikizungusha mtutu vidoleni ili usiwe bapa upande mmoja, kisha 600, kisha 1000. Kupima si kwa macho. Pitisha ukucha kuuvuka mshono: ukikwama hata kidogo, bado.

Angalia pia magurudumu. Kuna matano makubwa kila upande, na nafasi kati ya la kwanza na la pili ni kubwa kuliko nyingine. Hiyo ndiyo alama ya ukoo mzima wa T-54, na usidhani umekosea ukaanza kuyasogeza. Juu ya mnara, ile sehemu inayozunguka yenye mzinga, kuna kibonge kidogo cha mviringo, kifuniko cha feni. T-55, iliyofuata baada ya T-54, haina kibonge hicho, kwa hiyo kisipotee.

Minyororo ya seti yangu ilikuwa mikanda miwili ya plastiki laini, na hapo kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikulisema. Vifaru vingi vina vigurudumu vidogo vya juu vya kuubeba mnyororo. Type 59 haina. Mnyororo wa juu unalala wenyewe juu ya magurudumu makubwa, unabonyea kati ya gurudumu na gurudumu. Mkanda wa plastiki hautaki kubonyea, unajikaza na kuelea, na kifaru kinapoteza uzito wake wote. Nilipaka tone la supaglu juu ya kila gurudumu, nikaushindilia mkanda kwa vijiti vya meno vilivyochomekwa chini ya mabati ya pembeni, nikaviacha mpaka ikakauka. Nilipovitoa, tani 36 zilionekana. Kwangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote kabla ya rangi.

Rangi sasa. Praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu kwanza, ya kopo la kupuliza, nje, siku isiyo na upepo. Inasaidia rangi kushika, na inafichua mshono wowote uliobaki. Kisha kijani cha jeshi kwa brashi. Siri ya brashi ni kuzimua rangi kwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, upake matabaka membamba, kila moja likauke kabisa kabla ya jingine. Tabaka la kwanza linatisha, limejaa mabaka. Liache. La tatu au la nne ndilo linalofunika, na michirizi ya brashi haitaonekana. Kijani chenyewe nilikiongezea njano kidogo kikapauka, kwa sababu kitu kidogo kinaonekana cheusi zaidi kuliko kikubwa chenye rangi ileile.

Kikishapakwa, kifaru kinaonekana cha kuchezea. Kinachokipa uhai ni maji ya rangi: kahawia iliyokoza, imezimuliwa sana, unaigusisha pembeni mwa nati na mistari ya bawaba nayo inatiririka yenyewe kwenye mifereji. Baadaye chukua kijani kilichopauka, futa brashi kwenye kitambaa mpaka iwe karibu kavu, upitishe juu ya kingo tu. Bomba la moshi liko kwenye bati la upande wa kushoto, nyuma. Hapo nilipaka masizi ya unga wa mkaa kwa brashi kavu.

Kabla ya tope nilimwendea mzee jirani yetu, aliyekuwa dereva wa malori vitani. Nikamwamkia, nikakiweka mezani.

"Shikamoo, mzee. Nataka nikipake tope, lakini lile la kweli."

"Marahaba, mwanangu. Tope gani? La barabarani au la bondeni?"

Akakizungusha taratibu, akakitazama chini kabla ya juu. Akaniambia vumbi jekundu la barabara linapanda mpaka kwenye mnara, lakini ni jepesi, mvua moja inalisafisha. Lile jeusi la kwenye madimbwi, kama pale Lukaya barabara ilipopita katikati ya kinamasi, halipandi. Linashindiliwa kati ya magurudumu na kwenye pingili za mnyororo, likikauka linachokolewa kwa chuma.

Nilifuata maneno yake. Nilichuja udongo kwa kitambaa cha nailoni, nikaukaanga kidogo kuua wadudu na ukungu. Kuchuja ni lazima: punje ya milimita moja kwenye kipimo hiki ni jiwe la sentimita tatu na nusu. Udongo mweusi niliuchanganya na gundi nyeupe ya mbao na tone la rangi, nikaushindilia chini kwa kijiti. Mwekundu niliuacha mkavu, nikaupiga kwa brashi laini juu ya mabati, mwingi mbele na nyuma, kidogo tu kwenye mnara.

Stika za jeshi la China zilizokuja na seti sikuzibandika. Kifaru changu hakina namba wala nyota, na naona ni heshima zaidi hivyo kuliko kukivisha alama zisizo zake.

Mwisho ni vanishi isiyong'aa, matabaka mawili mepesi ya kupuliza, ukisimama mbali kidogo ili vumbi lisipeperuke. Kisha kiweke kwenye kisanduku cha kioo. Vumbi la nyumbani likilala juu ya vumbi ulilolipaka, kulifuta bila kuondoa yote mawili ni kazi ngumu, na fundi wa vioo yeyote atakukatia vipande vitano kwa vipimo vyako.