Manyoya ya kuku yalivyogeuka mbolea ya mchicha hapa Tabata

Ninachinja kuku wa nyama kwa oda: baa, mama lishe, shughuli za mwisho wa wiki. Utumbo una wateja wake, wafugaji wa mbwa na wa kambale. Vichwa na miguu vinagombaniwa na wanaokaanga jioni barabarani. Manyoya pekee ndiyo hayakuwa na mwenyewe. Kuku wa kilo mbili ana gramu 100 hadi 140 za manyoya makavu, maana manyoya ni kama asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wake. Ukishamnyonyoa kwa maji ya moto yanakuwa mazito maradufu, na kiroba kikilala siku mbili mtaa mzima unajua unafanya kazi gani.

Ushauri nilipewa mwingi, na wote uliniudhi. Wa kwanza: choma. Anayesema hivyo hajawahi kuchoma hata kiroba kimoja. Manyoya yamejaa salfa, moshi wake ni ule wa nywele zinazoungua, na majirani wana haki ya kuja juu. Wa pili: fukia. Nilikuta shimo la mwenzangu limefukuliwa msimu mzima baadaye, manyoya yako vilevile, unaweza kuyahesabu. Wa tatu ndio mbaya kuliko yote: yakaushe, yasage, uwachanganyie kuku kwenye chakula, eti ni protini tupu.

Protini ni kweli, karibu asilimia 90. Lakini ni keratini, jamii moja na ile ya kucha, kwato na pembe. Nyuzi zake zimefungana kwa vifungo vya salfa, na tumbo la kuku halina uwezo wa kuvifungua. Ukimlisha manyoya mabichi yaliyosagwa, yanaingia na kutoka hivyohivyo. Viwanda vinavyotengeneza unga wa manyoya wa kulishia mifugo huyapika kwanza kwa mvuke wenye presha, nyuzi joto 130 hadi 150, ndipo vifungo vikatike. Hata hapo unga huo una upungufu wa lisini na methionini, viini vya protini ambavyo kuku lazima avipate kwenye chakula, kwa hiyo hauwezi kusimama peke yake. Anayeuza ushauri wa kusaga tu anamtia mfugaji hasara ya chakula na ya muda.

Hilo la presha lilinikaa kichwani. Nilijaribu kwanza pipa juu ya kuni, maji yakatokota mchana kutwa, manyoya yakalegea tu. Maji yanayochemka wazi hayapandi zaidi ya nyuzi 100, hata ukiongeza kuni za lori zima. Basi nikatafuta presha kuka ya mtumba, elfu thelathini na kitu hivi, ikawa ya manyoya tu, siyo tena ya kupikia maharage ya nyumbani. Humo joto linafika kama nyuzi 120. Hatari yake ni kwamba unyoya mmoja ukiziba tundu la mvuke unaweza kulipukiwa. Hapo ndipo nilipofikiri vizuri: nikayafunga manyoya ndani ya shuka kuukuu, nikalifunga furushi kwa kamba, nikaliweka juu ya kisahani cha chuma, maji chini, na sufuria isizidi nusu. Nikapika jioni nzima, nikiangalia maji yasikauke. Nilipoyaanika asubuhi yakawa yanavunjika kwa vidole, hata ule ubua mgumu wa katikati. Niliusaga mkononi ukawa unga wa kahawia. Nilifurahi mno! Kitu ambacho watu walisema hakiozi milele kilikuwa vumbi kiganjani mwangu.

Ila gesi iliyoteketea kwa manyoya ya kuku wachache ingenifilisi. Njia ya joto ni ya mwenye boila.

Njia yangu ilitoka kwenye kusoma. Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, Jason Shih na wenzake walitenga bakteria aina ya Bacillus licheniformis anayekula manyoya. Walimpata ndani ya mtambo wa biogesi uliokuwa ukilishwa samadi ya kuku. Anatoa kimeng'enya kinachovunja keratini. Nikajiambia: kama wadudu hawa wanapatikana kwenye uchafu wa kuku, basi nami ninao. Nyuma ya banda kuna kona ambako manyoya yalikuwa yakitupwa tangu zamani, udongo wake mweusi. Nikachota ndoo kadhaa za udongo ule, ndiyo hamira yangu.

Nikapanga tabaka: maranda yaliyotoka bandani na vinyesi vyake, manyoya, udongo mweusi, tena na tena mpaka kiunoni, unyevu wa dekio lililokamuliwa, juu turubai kwa sababu masika ya Dar haina huruma. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: peleka manyoya yakiwa bado mabichi kutoka kwenye maji ya moto. Yakishakauka yanakataa maji, ndiyo kazi yake mwilini mwa kuku, na bakteria hawafanyi kitu pakavu. Yaliyokauka yalowekwe usiku kucha kwenye maji yenye povu kidogo la sabuni.

Rundo la kwanza lilitoa harufu kali ya mkojo. Hiyo ni amonia, naitrojeni inakimbia hewani. Manyoya yana kaboni kama mara tatu tu ya naitrojeni, wakati rundo linataka mara 25 hadi 30. Dawa yake ni maranda zaidi, maana yana kaboni nyingi, na fundi seremala ananipa gunia kwa hela ya soda. Kupima joto natumia nondo: ichomeke katikati, iache, ichomoe, ikikushinda kushika, rundo linafanya kazi. Joto likipita nyuzi 55 na kukaa, bakteria wa salmonela wanaougua watu tumbo hawasalimiki, ila lazima ugeuze ili ya pembeni nayo yaingie katikati.

Mzee mmoja mwenye matuta ya mchicha bondeni alinikatalia mwanzoni.

"Shikamoo mzee, nimekuletea mbolea."

"Marahaba mwanangu. Manyoya hayo? Yatapeperuka kwenye mboga zangu, wateja wanikimbie."

Nikafungua kiroba, akatia mkono, akatafuta unyoya. Alipata mabua machache laini, akayakatakata kwa kucha, akaniambia mwaga tuta lile la mwisho. Sasa ananipigia simu yeye.

Manyoya makavu yana naitrojeni karibu asilimia 15. Kilo 150 zinabeba takriban kiasi kilichomo kwenye mfuko wa kilo 50 wa urea, ingawa sehemu hupotea kwenye rundo na inayobaki hutoka polepole, kwa hiyo changanya kwenye tuta mapema kabla ya kupanda. Huko nje wanaenda mbali zaidi. Kule Beltsville, Maryland, Marekani, mtafiti wa kilimo wa serikali Walter Schmidt na wenzake walibuni namna ya kutenganisha nyuzi laini na ubua, wakapewa hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu huo, mwaka 1998. Na mwaka 2023 watafiti wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, na wa Singapore walitumia keratini ya manyoya kutengeneza utando wa seli za fueli, vifaa vinavyozalisha umeme kwa haidrojeni. Sisi tunaendelea kulipia gari la taka libebe mali hiyo hadi dampo la Pugu Kinyamwezi.

Wachinjaji wenzangu wa Segerea na Kimanga wameanza kuniletea ya kwao kwa guta. Napokea bure, kwa masharti mawili: yawe ya siku hiyohiyo na yafike yamelowa. Mifuko ya plastiki iliyochanganyika humo wanarudi nayo.