Nilivyomfuata mwanangu Munich bila yeye kujua

Shida ya kumshtukiza mtu aliyeko Ulaya ni kwamba ubalozi unataka kujua unakwenda kwa nani. Lazima uonyeshe utalala wapi na nani atakulisha, na mwenyeji wangu ndiye niliyekuwa namficha. Nikampigia mkwe wangu, mtoto wa Lindi, msiri kweli. "Mama, hilo niachie mimi," akasema. Akaenda kusaini hati ya kunidhamini, mwanangu akijua yuko kazini.

Mengine nikakusanya mwenyewe: taarifa ya benki yenye fedha za korosho za msimu uliopita, tiketi ya kwenda na kurudi, bima ya safari isiyopungua euro 30,000 (usishtuke, hicho ni kiwango cha kinga, si fedha unayolipa). Kilichonisumbua ni vidole. Nimebangua korosho miaka mingi, yale mafuta ya ganda yamenichuna ngozi, basi mashine ya alama za vidole ikanikataa mara tatu. Ya nne ikakubali.

Mwanangu hupiga simu kila Jumapili. Uongo wangu ulikuwa mmoja tu: niko shamba Nanyamba, mtandao wa shida. Dada yangu alinishauri nizue msiba. Nikakataa. Uongo wa msiba una tabia ya kurudi nyumbani.

Nyama na maziwa ukitoka kwetu huingii navyo Ulaya, ila samaki wa kula mwenyewe ruksa, kwa hiyo nikafunga ng'onda, samaki wa kukausha. Ming'oko mbichi, ile mizizi ya porini ya kwetu, niliiacha kwa uchungu, maana inataka cheti cha afya ya mimea. Lakini nazi, kama ilivyo ndizi, nanasi na tende, imesamehewa cheti hicho. Nikabeba tatu, za Mikindani.

Nilifika Alhamisi, Novemba 30, 2023. Mkwe alinipokea uwanjani na koti jeusi la kuazima. Nyumbani akabonyeza kengele, akajificha nyuma yangu. Mwanangu akafungua, mikono imejaa unga wa chapati hadi viwikoni, akanitazama, akafunga mlango. Nikamsikia humo ndani, "Subhanallah, Subhanallah." Alipofungua tena hakunikumbatia. Alinishika mashavu, akawa ananibonyezabonyeza kama anayechagua embe sokoni. Unga wote ukahamia usoni kwangu.

Theluji ikaanza Ijumaa jioni. Mimi ni mtu wa Mtwara. Kinachomwagika kutoka juu nakijua kwa kelele zake. Mvua ya Desemba ikipiga bati, aliye kando yako humsikii hata akupigie ukelele. Hii ilimwagika kama sufi ya msufi uliopasuka, nyingi, haikomi, na haina mlio. Hata magari barabarani yalikuwa kama yanapita juu ya godoro. Mkwe akanieleza kuwa theluji mpya ina hewa nyingi katikati ya chembe zake, ndiyo maana inameza sauti.

Nikatoka roshani, nikanyoosha mkono. Punje moja ikatua kwenye koti: vijiti sita, kila kimoja kina vitawi vyake, utadhani Mmakonde kaichonga kwa ncha ya sindano. Nikasogeza uso niione vizuri, pumzi yangu ikaigeuza tone la maji.

Jumamosi tuliamka theluji imepita sentimita 40, treni na tramu zimesimama, uwanja wa ndege umefungwa. Ningechelewa siku mbili tu ningekwama njiani. Mwanangu hakuwa na namna ya kwenda kazini, basi siku nzima ikawa yetu. Mbuzi ya kukunia nazi hana, tukakatakata nazi vipande, tukasaga kwenye blenda, tukakamua tui la ng'onda. Halikuwa baya. Majirani sijui walisemaje kuhusu harufu.

Saa tatu asubuhi, kwetu saa tano, nikampigia mama yangu, ambaye macho yake hayaoni tena. Hakuamini nilipo. Akauliza hiyo theluji ikoje. Nikaanza kumweleza weupe wake, akanikatisha: "Weupe utanisaidia nini mimi? Nisikilizishe."

Nikafungua dirisha, nikatoa simu nje. Ilikuwa bado inaanguka.

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndiyo hiyo, mama."

Akanyamaza. Nyuma yake jogoo aliwika, pikipiki ikapita. "Usikate kwanza," akasema.