Siku tuliyochanganya chakula cha kuku Ipagala

Ilikuwa Agosti 2016, wiki chache baada ya Rais Magufuli kutangaza, siku ya Mashujaa hapahapa Dodoma, kwamba serikali inahamia huku. Kila mwenye uwanja wa kutosha banda alikuwa akipiga hesabu ya mayai. Mwaka huohuo sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, ilikuwa imeua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo ilitoka kwenye mahindi waliyokuwa wakila nyumbani. Mambo hayo mawili yalikutana kwenye baraza la mwalimu mstaafu mmoja, Ipagala, wafugaji wa mtaa walipokusanyika kuchanganya wenyewe chakula cha kuku wa mayai. Kile cha dukani kilikuwa kimewakatisha tamaa: mayai yamepungua, maganda yanavunjika mkononi.

Watu walikuja na madaftari, wakitaka waandikiwe kilo za kila kitu. Fomula inaandikwa kwa dakika tano. Kilichotuchukulia muda asubuhi ile ni mahindi, nami hadi leo nashikilia kwamba hapo ndipo chakula cha kuku kinapotengenezwa au kuharibiwa. Mahindi mabovu hayaponywi na kiini chochote cha vitamini na madini kitakachotiwa juu yake.

Yalikuwa magunia matatu. Mawili yalinunuliwa soko la Kibaigwa, la tatu lilitoka shambani kwa mmoja wa wanakikundi. Tulichoma kila gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea punje bila kufungua gunia, juu, katikati na chini, kwa sababu kuvu haisambai sawasawa. Gunia linaweza kuwa safi mdomoni na kuoza kitakoni lilipogusa sakafu. Punje tulizozitoa tulizimwaga kwenye sinia, tukazitenga: nzima upande huu, zilizovunjika, zilizotobolewa na mdudu dumuzi na zilizobadilika rangi upande ule. Punje iliyovunjika au kutobolewa haina ngozi ya kuizuia kuvu isiingie, kwa hiyo hata ambayo haijabadilika rangi ni ya kushukiwa.

Kisha tukapima unyevu kwa chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, kavu kabisa. Jaza mahindi hadi robo yake, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, halafu iache dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa kuanzia asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa wala kusagwa. Chumvi ikibaki inateleza chini, yako chini ya hapo, ingawa kwa kuhifadhi muda mrefu tunataka yafike asilimia 13. Chumvi yenyewe ianikwe juani kwanza, la sivyo itashika kwenye kioo kwa unyevu wake na kukudanganya.

Magunia ya Kibaigwa yalipita. La tatu chumvi ilishika, bambo la chini likatoka na punje zenye ukungu wa kijani kibichi uliochanganyika na manjano, na harufu ya chumba kilichofungwa.

Mwenye gunia hakuwa mtu wa mzaha. Alilima, akavuna, akabeba. Akasema, "Mwalimu, haya siyo ya ugali, ni ya kuku. Kuku anakula hata jalalani." Wengi pale waliitikia kwa vichwa, maana hivyo ndivyo tulivyozoea wote: mahindi mazuri jikoni, mabovu bandani. Mwalimu akamwambia, "Dada yangu, yai lake utalila wewe na wanao." Kisha akanigeukia nieleze.

Sumukuvu haitoki kwa kuosha. Haitoki kwa kuanika upya, na moto wa kukaangia au kuchemshia hauivunji kiasi cha kukuondolea hofu. Jua linazuia kuvu isiendelee kukua, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki ndani ya punje. Kuku akila kidogo kidogo hafi siku hiyo. Ini lake linavimba na kugeuka rangi ya manjano, mayai yanapungua, kinga inashuka. Hapa ndipo mfugaji anapochanganyikiwa: amechanja ugonjwa wa kideri kwa wakati, na bado kuku wanakufa kwa kideri, naye analaumu chanjo. Vifaranga wanaumia haraka kuliko kuku wakubwa, na bata haraka kuliko vifaranga wa kuku. Sehemu ya sumu hiyo huingia kwenye ini na kwenye yai.

Kuna aliyeuliza kama haiwezekani kuchanganya kilo moja mbovu na tisa nzuri, ili sumu iwe nyepesi. Hapana. Punje chache zenye kuvu zinaweza kubeba sumu ya kutosha kuharibu gunia zima, na macho hayawezi kukuambia ni kiasi gani kimo. Gunia lile lilizikwa nyuma ya nyumba, likamwagiwa majivu na kufukiwa ili hata mbuzi wasilifikie, na wenzake wakamchangia mahindi kutoka kwenye yale mawili. Kumpa mtu fidia ni sehemu ya kazi hii. Mfugaji asiyekuwa na namna ya kubeba hasara ya gunia moja atawalisha kuku gunia hilo.

Mashudu ya alizeti yalikuwa rahisi zaidi. Agosti alizeti imekwisha kuvunwa na mashine za kukamua zinafanya kazi, kwa hiyo mashudu ni mapya. Tulichagua yenye rangi ya kijivu na harufu tamu ya mafuta. Yaliyoungua kwenye mashine huwa meusi, na joto lile huharibu lisini, mojawapo ya viungo vya protini, ambayo tangu mwanzo ni haba kwenye alizeti. Yaliyokaa muda mrefu huchacha kwa mafuta yanayobaki ndani yake, na kuku huyakataa. Mashudu yenye maganda mengi hayafai kuzidi robo ya mchanganyiko, kwani nyuzi zake hushibisha kabla kuku hajapata nguvu ya kutosha.

Dagaa walinunuliwa soko la Majengo wakiwa wazima, kwa makusudi. Dagaa waliokwisha kusagwa huwezi kujua wamesagwa na nini. Wa ziwani wengi hukaushwa juu ya mchanga, na mchanga una uzito. Tulipepeta kwa ungo, tukasaga kidogo, tukatia kikombe kimoja kwenye ndoo ya maji na kukoroga: nyama hukawia kuzama, mchanga hushuka mara moja na kulia chini ya ndoo ukiuparuza kwa kijiko. Ukipata tabaka la mchanga, rudisha mzigo au panga bei upya. Onja pia. Dagaa waliochemshwa kwa chumvi, hasa wa baharini, hukulazimisha kupunguza chumvi ya fomula au kuiacha kabisa. Kuku aliyezidishiwa chumvi hunywa maji kupita kiasi na kuharisha maji matupu.

Chokaa nayo ilitaka uangalifu. Mmoja alikuwa amebeba ile ya kupaka nyumba. Hiyo inaunguza, isikaribie chakula. Ya mifugo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, na ukidondoshea siki au ndimu hutoa povu papo hapo. Nzuri zaidi kwa kuku wa mayai ni ile yenye chengachenga, au makombe ya baharini yaliyopondwa, kwa sababu ganda hutengenezwa usiku kuku akiwa amelala, na chenga hubaki kwenye firigisi zikiyeyuka polepole wakati huo. Unga laini unakuwa umekwisha kupita.

Mtama tuliochukua ni mweupe. Mtama mwekundu wenye uchungu una tanini, ambayo hufunga protini isimeng'enywe. Dodoma hatuna sababu ya kuuacha mtama. Unastahimili ukame kuliko mahindi na karibu kila mwaka unapatikana. Kasoro yake ni kiini cha yai kupauka, kama ilivyo kwa mahindi meupe pia, na hilo hurekebishwa kwa majani ya mchicha au ya mlonge.

Mahindi na mtama viliparazwa, havikusagwa. Mwenye mashine alitaka kutumia chekeche la sembe kwa sababu ndilo lililokuwa limefungwa, tukasubiri alibadilishe. Unga laini huganda mdomoni kwa kuku, hupeperuka, na kuku huchagua na kuacha. Punje ipasuke vipande vitatu au vinne tu.

Tulichanganya ndani ya baraza, kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa deki usiku na kukauka, tena asubuhi kabla upepo wa Dodoma haujaamka. Upepo wa Agosti huchukua kwanza kilicho chepesi na cha bei kubwa, yaani vitamini. Kila mtu alifunga khanga puani. Kwa kilo 100 tulipima hivi: mahindi 40, mtama 10, pumba za mahindi 9, mashudu ya alizeti 22, dagaa 8, chokaa 8, mifupa iliyochomwa na kusagwa 2. Hiyo ni 99. Kilo ya mwisho iligawanywa kwa gramu: chumvi 300, lisini 300, kiini cha vitamini na madini 250, methionini (nayo ni kiungo cha protini) 150. Vitu vya gramu vilipimwa kwa mizani ndogo ya jikoni. Konzi ya mtu mmoja siyo konzi ya mwingine.

Aliyetaka kuhakikisha protini tulimwonyesha hesabu. Mahindi yana takriban asilimia 9, kwa hiyo kilo 40 zinatoa 3.6. Mtama na pumba tukivipa asilimia 10, vinatoa 1 na 0.9. Mashudu kwa asilimia 28 ni kama 6.2, dagaa kwa asilimia 55 ni 4.4. Jumla inakaribia 16, nayo inamtosha kuku anayetaga. Mashudu na dagaa hubadilika toka mzigo hadi mzigo, na ndiyo maana tulikazania ubora wao kuliko desimali. Tusingeongeza dagaa kupita 10 hata kama tungekuwa na fedha, kwani yai huanza kunuka samaki.

Zile gramu hazikumwagwa kwenye lundo. Zilichanganywa kwanza na kilo 2 za mahindi kwenye beseni hadi rangi ikawa moja, kisha na kilo 10, ndipo zikasambazwa juu ya vingine vilivyotandazwa kwa tabaka. Watu wawili wenye koleo wakahamisha lundo lote kutoka upande huu wa baraza kwenda ule, wakarudisha, wakarudia tena, mara nne. Baada ya hapo unachota kiganja kutoka sehemu tatu. Ukiona maganda meusi ya alizeti na chenga nyeupe za chokaa kwa wingi uleule kote, lundo limeiva. Kiganja kimoja kikiwa cheupe kuliko vingine, shika koleo.

Bibi mmoja alitaka debe moja kwa ajili ya vifaranga wake wa wiki tatu. Tulimkatalia. Chakula kile kina kalisiamu ya kuku anayetaga, karibu asilimia 4, na figo za kifaranga haziwezi kuitoa. Wa umri ule anahitaji kalisiamu ya asilimia 1 hivi, na protini ya 18 hadi 20. Tulimpimia mchanganyiko wake pembeni, usio na lundo la chokaa na wenye dagaa zaidi. Kwa mitetea wake wa kienyeji wanaozurura, tukamwambia gramu 50 kwa kila mmoja jioni zingetosha kuwashikiza, lakini asizipunguze kiangazi. Miezi ile ardhi ya Dodoma imekauka, wadudu wamepotea, na kuku anayezurura anarudi na mabua tumboni.

Kila kaya ilichukua kilo 100, isizidi. Kuku 40 wanaotaga, kwa gramu 120 kila mmoja, hula kilo 4.8 kwa siku, kwa hiyo mzigo unakwisha ndani ya wiki tatu. Ukikaa zaidi ya mwezi kwenye joto, vitamini hupungua nguvu na mafuta ya mashudu huchacha. Mifuko iliandikwa tarehe kwa makaa, ikaenda kuwekwa juu ya chaga, mbali na ukuta na mbali na bati. Maji tuliyasisitiza kuliko kitu chochote kilichokuwa kwenye mizani: kuku hunywa mara mbili ya uzito anaokula, na siku ya joto zaidi ya hapo. Akikosa maji mchana mmoja, mayai ya siku zinazofuata yanapungua hata kama chakula ni kizuri kiasi gani.

Jambo la mwisho walilopewa kabla ya kupakia baiskeli ni kutobadilisha chakula ghafla. Siku mbili za kwanza robo ya kipya na robo tatu za cha zamani, siku mbili zinazofuata nusu kwa nusu, kisha robo tatu kwa robo kwa siku mbili, na siku ya saba kipya peke yake. Na kama cha zamani kina harufu ya ukungu, kisichanganywe kabisa: waanze na kipya siku hiyohiyo, mayai yapungue kidogo, yatarudi.