Tasbihi Moja Nzima

Juzi usiku binti yangu mdogo aliamka na damu puani. Vumbi la kiangazi limetukausha sote hapa Jinja, na yeye ana tabia ya kuchokonoa, kwa hiyo sikushtuka. Nikamkalisha kitandani, nikambana pua kwa vidole viwili, nikaanza kuhesabu. Nilipofika 99 nikaachia. Damu ilikuwa imekata.

"Baba, mbona 99? Si ungemalizia tu mia?"

Nikamwambia alale.

Asubuhi nikawasimulia wenzangu pale kwa mama wa katogo, nikijua nitajuta. Fundi wa redio akasema dawa ni ufunguo wa baridi kisogoni. Yule wetu ambaye tangu apimwe presha amegeuka daktari wa kila mtu akasema kitunguu, halafu akataka na mimi nikapimwe. Wa bodaboda akasema kwao mtoto humwagiwa maji utosini na kuangalizwa juu. Hapo nikasema hapana, juu haiangaliwi. Wakaniuliza nani alinifundisha.

Ilikuwa Novemba 2000. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Ebola ilitangazwa Gulu katikati ya Oktoba, ikaingia na Masindi, ikafika mpaka Mbarara. Redio ilisoma idadi ya wagonjwa na waliokufa kama inavyosoma matokeo ya mpira. Mikono hatushikani tena. Ukikutana na mtu unaweka kiganja kifuani mwako, mnasalimiana kwa mbali kama wadeni. Nilikuwa natoka Masindi kwa kaka, ambaye walikuwa wamemhamishia kambi ya polisi ya huko, naelekea Kampala kwenye intavyu, nimevaa shati lake jeupe la kuazima.

Vumbi lilitupata kabla ya Kafu, madirisha yako wazi. Tulipokaribia Migyera nikahisi kitu cha vuguvugu kinateremka juu ya mdomo. Nikakifuta kwa kiganja nikidhani kamasi. Tone la pili likaangukia mfuko wa shati, la tatu likatua pembeni yake.

Aliyekaa nami hakusema neno. Aliinuka, akachukua kuku wake, akaenda zake. Kelele zilitoka nyuma: "Damu! Huyu anatoka damu!" Afande mmoja akapiga bati la basi kwa ngumi: "Dereva, simamisha gari! Simamisha!" Nimelelewa baraksi, najua sauti ya afande anayetoa amri, na ya afande mwenye hofu naijua pia. Basi halijatulia, watu wanatokea madirishani. Konda alikuwa wa kwanza kugusa lami.

Nikarudisha kichwa nyuma, kama tulivyofundishwa utotoni. Damu ikaniingia kooni, nikakohoa, na kikohozi kile kikawatoa waliokuwa bado wanatafuta viatu.

Nilidhani nimebaki peke yangu. Kumbe upande wa pili kulikuwa na bibi mmoja wa Kinubi, gurbaba kiunoni, mikeka miwili imefungwa kwa kamba miguuni pake. Alinitazama kama mtu anayetazama sufuria inafurika na mwenyewe hayupo.

"Wewe, inama! Nani kakwambia unywe damu?"

Akaja akakaa palipokuwa na kuku. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kusuka ukili, kucha zina hina, na kidole gumba kimeshika rangi ya zambarau isiyotoka. Vilinukia karafuu. Akanibana chini ya mfupa, kwenye ile nyama laini, mpaka machozi yakanilengalenga.

"Habuba, niache," nikasema kwa sauti ya puani. "Watakuteremsha na wewe."

"Pumua kwa mdomo. Mpaka izunguke yote."

Ndipo nikaiona tasbihi mkononi mwake wa kulia. Punje nyeusi, zimelainika kwa kushikwa. Moja ilikuwa imepotea, na mahali pake pametiwa kifungo cha shati, cheupe, chenye matundu manne. Nikakitafuta kwa macho kiko wapi. Kilikuwa mbali. Punje moja, midomo yake inacheza, punje nyingine. Nje, abiria wamesimama kwenye majani ng'ambo ya barabara, wakitutazama kama watu wanaosubiri nyumba imalize kuungua. Damu yangu ilikuwa inamteremkia kwenye kifundo cha mkono, na yeye hakuifuta. Kifungo kikafika kati ya vidole vyake, kikapita kama punje yoyote, ikabakia kama nusu ya mzunguko.

Yaliyofuata yalikuwa mabishano tu. Afande aliniuliza kutoka mbali kama nina homa. Sina. Nimezika mtu? Sijazika. Wakatuweka sote wawili kiti cha nyuma kabisa, wao wakasongamana mbele. Tulipofika Bombo, bibi akashuka. Konda akamwambia nauli aiache juu ya kiti, kisha akasogea mbali kabisa na mlango. Mikeka aliibeba mwenyewe. Na mimi sikuinuka kumsaidia. Nilijiambia nitachafua mikeka.

Kazi sikupata. Tarehe 5 Desemba Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor akafa kwa ugonjwa uleule, baada ya wauguzi wake kadhaa. Hao walijua wanachokigusa. Hesabu ilipofungwa mwaka uliofuata, wagonjwa walikuwa 425, na 224 kati yao walikuwa wamekufa. Baadaye sana nikajifunza kwamba ugonjwa huanza kama malaria, homa na kichwa, na wengi hawatoki damu hata tone. Bibi wa Bombo sijui alikuwa anajua lipi.

Fundi akasema yule ni shujaa. Wa presha akasema ni ujinga, bahati tu ndiyo iliyomwokoa. Wakabishana mpaka katogo ikapoa. Mimi nikaagiza chai nyingine, nikanyamaza, kwa sababu kuna jambo sikuwaambia.

Mwishoni mwa Septemba 2022, Ebola imetangazwa Mubende, nilikuwa kwenye taksi natoka Fort Portal. Mzee aliyekaa nami akaanza kwikwi. Kwikwi tu. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba hiyo nayo imo kwenye dalili. Akaniomba maji, nilikuwa na chupa, nikamwambia yameisha. Nikashuka Mityana, na nauli niliyolipa ilikuwa ya Kampala.